Karatasi ya Msasi

Mundhir anasema: chagua.
Mpiganaji, kuhani, mwizi, mchawi.
Hilali keshakuwa mwizi, naye kutwa yumo benki
akihesabu pesa za watu.
Shamsa ni mchawi; kitabu chake cha uganga
ni daftari la hesabu la mwanawe, darasa la tatu.
Nimebaki mimi na karatasi nyeupe,
na kachori moja iliyopoa sahanini.

Msasi, nikasema.

Chini yetu fundi wa matairi anafunga duka.
Mlango wa bati unashuka kwa kishindo, Ibra nzima inasikia.
Alhamisi. Kesho hakuna kazi.

Nguvu: kumi na moja, zanitosha.
Wepesi: kumi na sita.
Busara: dadu likazunguka, likagonga birika,
likalala kwenye kumi na nne.
Silaha: upinde. Mishale ishirini, na Mundhir ataihesabu,
namjua, bakhili hata wa vitu visivyokuwepo.
Mwenzi wa porini: simbamangu,
nywele nyeusi kwenye ncha za masikio
kama wino uliosahauliwa kalamuni.
Nikampa jina Tulia. Hakutulia hata siku moja.

Nchi anayoijua:
hapo kalamu ilisita.
Mimi jangwa nalijua kwa masikio.
Baba alikuwa mtu wa redio
kwenye kambi ya walinzi wa paa, kusini huko, changarawe tupu,
Kiarabu chake cha Unguja kikichekwa masafa yote.
Akija likizo hunifundisha kutoa kwa sauti ile ya usiku:
Kambi, kambi, hapa gari la pili. Paa arubaini na moja.
Kambi, kambi. Thalathini na tisa.
Nikamwuliza, wale wawili wamekwenda wapi?
Akapunguza sauti, kana kwamba redio imo chumbani.

Nikaandika: changarawe.

Kisha: adui wa kudumu.
Mundhir akafungua orodha, akasoma kama mhudumu wa hoteli
atajaye vilivyobaki jikoni:
mazimwi, majitu, mizuka, majoka, wafu watembeao.
Chagua mmoja. Huyo utamjua kwa harufu,
nyayo zake hazitakupotea.
Nikaandika bila kumtazama:
wanaokuja na gari bila taa.

«Hilo halimo kitabuni.»
Litie.
«Ghaniya, katika ulimwengu huu hakuna gari.»
Basi wenye ngamia waliovuliwa kengele. Litie.
Shamsa akamkanyaga mguu chini ya meza, nikaona.
Mundhir akalitia, kwa penseli.

Tukacheza mpaka kahawa ikawa tope.
Bonde. Giza. Kokwa nne za tende juu ya ramani:
hao ndio wao.
Katikati yao ushanga mmoja mweupe:
paa, mzima, miguu imefungwa kamba.
Nyayo zao, Mundhir akauliza, unaziona?

Nikarusha.
Tatu.

Tatu! Na busara yote ile, na Tulia,
na miaka mingapi ya kusikiliza ukutani.
Mundhir akanitazama kitambo.
Angeweza kunifichia, yeye ndiye mwenye kile kibao cha kadibodi,
na yaliyo nyuma ya kadibodi anayajua peke yake.
Hakunifichia. Nilimpendea hilo.
«Changarawe,» akasema, «haishiki mguu wa mtu.»

Ndiyo. Nami ndiye niliyeichagua.

Hilali akaanza kukusanya vikombe.
Ngoja, nikamwambia. Sitafuti tena kwa macho. Nataka kusikiliza.
Mundhir akapekua kitabu mbele, akapekua nyuma,
akakifunga kidole kikiwa ndani.
«Haya. Lakini kwa kusikiliza lazima pawe kimya.»

Tukanyamaza kweli, watu wazima wanne,
vinywa vimejaa halua hatutafuni.
Dadu limepata joto kiganjani.
Barabarani gari likapita, nuru yake ikapanda ukutani,
ikapita juu ya kichwa cha Shamsa, ikashuka.

«Hilo lina taa,» Hilali akanong'ona.
«Rusha.»